Vigae Themanini na Sita

Jumatatu, 4 Machi
Mama Watoto katoa amri. Sakafu ya jikoni iwe na vigae kufikia Jumamosi, la sivyo chumba changu cha uani, chenye redio na kiti changu cha kulalia, anapewa kaka yake aweke cherehani. Shemeji! Mtu asiyejua hata kukaza skrubu! Nimeapa kazi hii naimaliza mwenyewe.

Jumanne, 5 Machi
Nimepima. Safu nane, kila safu vigae kumi na sita. Shuleni niliishia jedwali la tano, kwa sababu zangu. Nikamuuliza mjukuu wangu wa darasa la tatu. Akasema rahisi, babu: ivunje kumi na sita iwe kumi kando, sita kando, nane uzidishe kwa kumi, halafu... Nikamkatiza. Nane mara kumi, themanini. Sita zilizobaki, ongeza. Themanini na sita! Akaniambia nisubiri, nikamwambia awahi shule.

Jumatano, 6 Machi
Muuza vigae akauliza kama nina hakika. Nilimtazama mpaka akaanza kunihesabia themanini na sita.

Alhamisi, 7 Machi
Mkono wa fundi! Safu zote nane zimenyooka hadi kigae cha kumi. Vikabaki sita. Nikavipanga pembeni, kimoja kila safu, na safu mbili za mwisho zikakosa. Kutoka hapo mpaka ukutani, saruji tupu. Jiko la gesi limesimama kama mgeni asiyekaribishwa. Nimeibiwa!

Ijumaa, 8 Machi
Nikamwita muuza vigae mwizi mbele ya wateja wake. Akaja hadi jikoni, akavihesabu kwa kidole, majirani wakimwitikia kwa sauti. Themanini na sita. Hata kimoja hakijapungua. Shemeji alikuwa mlangoni, futi ya kupimia nguo shingoni.

"Safu ni nane, shemeji," akasema. "Kila moja umeipa kumi, halafu sita ukatoa mara moja tu. Hizo saba nyingine zilikukosea nini?"

Wakacheka mpaka muuza vigae akashika ukuta. Mjukuu akasema nane mara sita ni arobaini na nane, ujumlishe na themanini, mia na ishirini na nane. Nikamuuliza kwa nini hakusema mapema. Akasema alikuwa bado kwenye "halafu".

Jumamosi, 9 Machi
Shemeji kaleta arobaini na viwili vilivyopungua, kavipanga mwenyewe. Vimenyooka, mshenzi huyu. Cherehani imeingia chumbani kwangu. Redio iko juu ya friji, kiti kiko uani kinanyeshewa.

Jumapili, 10 Machi
Jirani msusi anatafuta fundi wa kumwekea vigae saluni. Nikamwambia asihangaike, fundi yupo. Safu saba, kila safu kumi na tatu. Safari hii sikuuliza watoto. Saba mara kumi, sabini. Ongeza tatu. Na kwa kuwa mimi si mtu wa kurudia kosa, nimeagiza na viwili vya akiba.