Bango la Bi Khadija

Jumapili, 3 Agosti 1986
Siku njema! Nimemsukuma Mzungu. Yaani, gari lake. Ni injinia wa machimbo ya chokaa kule Pongwe, lilimzimikia barabarani. Akaniambia niache, litawaka lenyewe. Sikuacha. Likawaka, likaniacha nimelala kifudifudi vumbini. Akashuka anacheka, akanipiga begani, akaniita "old kas". Old naijua, mzee. Kas sijui, ila kwa lile tabasamu, lazima ni mheshimiwa. Mzee mheshimiwa! Na hata ndevu sijaota vizuri.

Jumatatu, 4 Agosti
Bi Khadija wa hapa Makorora anafungua mgahawa Jumamosi. Mambo siku hizi ruksa, unga upo, sukari ipo. Anataka bango la Kiingereza. Huyu ndiye mama yake Mwatumu. Mwatumu! (Kalamu imeteleza.) Idarusi wa Mabawa, yule wa jinzi za mitumba na redio kaseti begani, kapendekeza Nyuyoki Hoteli. Nikafika mbio. Shikamoo mama, Nyuyoki ni mji tu, wewe unastahili cheo. Akauliza cheo gani. Nikamtajia. Akakitamka, akakirudia, kikamkaa mdomoni. Idarusi kaondoka kazima redio.

Alhamisi, 7 Agosti
Bango tayari: KHADIJA OLD KAS. Rangi nyekundu, maua pembeni. Mwatumu kaniletea chai, kauliza kama nina hakika. Nikasema nimelipata kwa Mzungu mwenyewe. Idarusi anapita mtaani akisema eti kas ni matusi. Wivu! Nimemwalika injinia aje kumwumbua.

Jumamosi, 9 Agosti
Ya Rabi.
Injinia kaja. Kasoma bango, chai ikamtokea puani. Watu wakamtaka aeleze. Akaeleza kwa Kiswahili chake cha kuvunjikavunjika, kila mtu akaelewa:
"Kas ni kutukana. Na tusi lenyewe, kas. Na mtu mbishi, msumbufu, yeye pia kas. Hata punda! Lakini ukicheka ukisema, maana yake unampenda kidogo."
Idarusi kawasha redio.
"Abdulghani!" Bi Khadija kachomoa mwiko. "Umenitundikia tusi mlangoni, we mbuzi uliyevishwa suruali! We kichwa maji! We gunzi!" Akanizungusha meza zote, kila meza na jina lake jipya. Nilipokwama kwenye kona, mteja mmoja akapaza sauti: "Mama, mbona bango limesema kweli?"
Mgahawa mzima ukaangua kicheko. Nikafumba macho kuungoja mwiko. Haukuja. Nilipofumbua, Bi Khadija kaegemea ukuta, anacheka hadi ushungi umemdondoka. Maandazi yakaisha kabla ya adhuhuri.

Jumapili, 10 Agosti
Bango linabaki! Watu wanatoka Mabawa kuja kutukanwa na kunywa chai. Idarusi naye kaja. Kaitwa chura wa kaseti, kaagiza kikombe cha pili.
Jioni Mwatumu kaniambia, huku akiutazama ukuta, kwamba mjomba wake Haroub anakuja kutoka Pemba, na nikileta posa yeye mwenyewe hatanikataa. Sharti moja: nisiseme Kiingereza mbele ya wazee wake. Neno lolote. Nimeapa. Nimeapa mara mbili! Nimerudi nyumbani naruka mifereji.

Jumatano, 13 Agosti
Kesho posa. Kanzu imepigwa pasi. Nimeshajifunza, sichezi tena na maneno nisiyoyajua.
Ila leo bandarini nilikuwa namwonyesha baharia wa Kigiriki namna ya kufunga kamba ya meli yake. Kaninyang'anya kamba, kanisukuma pembeni, kaniambia mimi ni "nyusansi". Hakutabasamu hata kidogo, kwa hiyo si mzaha kama kas. Na ndani yake kuna "sensi", ambayo ni akili, hilo kila mtu analijua. Mjomba Haroub atataka kujua anampa mpwa wake mtu wa namna gani. Neno moja tu, tena kwa sauti ya chini. Hicho si Kiingereza, ni utambulisho.