Mbuzi wa Saba na Kuta Ndefu

Jumatatu, 3 Juni

Bosi kaja juu. Mchezo wetu wa video, Mbuzi Mkaidi, umefika toleo la saba, na wachezaji wamechoka kuruka kuta zilezile. Ijumaa wanakuja watu wa kuujaribu. Wakipiga miayo, mbuzi ndiyo basi tena, nasi tufungashe virago. Moyo ulinipasuka. Yule mbuzi nimemlea tangu toleo la kwanza!

Mchoraji akashauri tumpe kazi kondoo aliyemchora toleo la tatu, ambaye hadi leo humfuata tu mbuzi nyuma kama mkia. Nilicheka hadi nikakohoa. Kondoo! Mimi nina mpango.

Jumanne, 4 Juni

Mpango wenyewe: chukua toleo la sita, mpake mbuzi rangi ya zambarau, refusha kuta. Basi! Nani atajua? Nilimaliza kabla ya chai. Mchoraji bado anahangaika na kondoo wake, maskini.

Jumatano, 5 Juni

Mchoraji kauliza kama nimeucheza mchezo wenyewe. Nikamwambia mimi si mwanafunzi. Akaguna, akaondoka. Wivu huo!

Hata hivyo nimejikinga. Nimemwalika shangazi awe mmoja wa wajaribu, apige makofi kila ukuta. Kakubali, mradi akae karibu na feni.

Ijumaa, 7 Juni

Aibu! Nilirefusha kuta, nikasahau kumwongezea mbuzi nguvu za kuruka. Anaruka, anagonga kichwa, anaanguka. Anaruka tena, puu! Bosi akanikazia macho. Nikainama kufunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Shangazi alisahau makofi. Alimtukana mbuzi, akamtukana aliyemtengeneza, akasema haendi nyumbani ameshindwa na ukuta. Mara akampandisha mbuzi mgongoni kwa kondoo. Mbuzi akaruka. Akavuka!

Kumbe kondoo kabaki nyuma ya ukuta. Wote wakakizunguka kiti cha shangazi. Huyu anasema amwite, yule anasema avute gogo lililo kando ya ukuta. Chai ikapoa, hakuna aliyejali. Shangazi akaapa kwamba hamwachi kondoo nyuma. Mchoraji alikuwa anafuta machozi. Mbuzi wangu alikuwa mzee yuleyule, lakini watu walimtazama kama kazaliwa leo.

Jumatatu, 10 Juni

Tumepona! Toleo la saba linatoka, kondoo yumo, kuta ziko vilevile, na la nane limeruhusiwa. Mchoraji ndiye kiongozi. Kaomba niwe msaidizi wake, akisema kosa kama lile hakuna mwingine wa kulifanya. Nimeipokea sifa hiyo kwa unyenyekevu.

Kaniagiza nipekue matoleo ya zamani, nitafute kitu kingine kilicholala tukiamshe. Wazo zuri, ila kachelewa. Toleo la nane nimeshalimaliza kabla ya chai: mbuzi wa kijani, kuta ndefu zaidi. Kulijaribu? Ya nini? Shangazi nimeshamwalika.