Malalamiko Dhidi ya Msomaji Wangu Mmoja

Fakihi Suleiman,
Nyumba ya tatu kutoka kisimani,
Njia ya Mchinga, Lindi.

Kwa Ndugu Justa,
Mtendaji wa Kijiji.

YAH: KUZUIWA KWA WASOMAJI WANGU THELATHINI NA MMOJA

Ndugu Mtendaji,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Najua utaanza na shikamoo kabla hujafika mstari wa pili, kwa hiyo naijibu mapema ili tusipotezeane muda: marahaba.

Mimi ni karani mstaafu wa ghala la korosho, na kwa miaka mitatu sasa ni mwandishi wa blogu iitwayo Kalamu ya Karani. Blogu ni kama daftari ambalo mtu analiandika kwenye simu yake na dunia nzima inaruhusiwa kulisoma. Nililianza ilipokwisha arobaini ya marehemu mke wangu, Zuhura. Kwa miaka thelathini na minne nilikuwa nikirudi kazini namsimulia yaliyotokea siku hiyo. Alipoondoka, mambo hayakuacha kutokea, ila sikuwa na wa kumsimulia. Naandika kila Ijumaa nikitoka msikitini. Sijakosa wiki hata moja, hata ile niliyolazwa kwa malaria.

Deo, mwenye duka la steshenari pale Lindi mjini aliyenifundisha kazi hii, aliniambia kwamba blogu haiishi kwa kutembelewa na umati siku moja. Inaishi kwa msomaji mwaminifu, yule anayerudi kila wiki. Nimemtii. Lakini sasa mambo yamenifika shingoni, nami nayaorodhesha kama ifuatavyo.

1. Kwenye blogu kuna mahali panapoonyesha idadi ya wasomaji. Kila Jumamosi asubuhi napafungua, na kila Jumamosi panasema: mmoja. Miaka mitatu, mmoja. Mwanzoni nilidhani huyo mmoja ni mimi, lakini Deo alinihakikishia kuwa mwenye blogu hahesabiwi. Na bado nikienda kununua dagaa, kila mwanamke ninayekutana naye ananisifu au ananikosoa kwa nilichoandika. Mtu hawezi kukosoa asichokisoma, labda awe mjumbe wa kamati.

Nilifanya uchunguzi. Katika banda la kubangua korosho wapo wabanguaji thelathini na mmoja, na mikono yao kutwa nzima ina majivu na mafuta ya maganda, yale yanayobabua ngozi. Hakuna anayeweza kugusa simu mpaka anawe jioni. Mwenye mikono mikavu ni mmoja tu, Bi Mwahija, mjane wa marehemu kaka yangu Maftaha, ambaye kazi yake ni kutenga korosho nzima na za vipande. Kila Ijumaa alasiri huyu Bi Mwahija anavaa miwani, anafungua blogu yangu na kuwasomea wenzake kwa sauti. Maana yake ni kwamba wasomaji thelathini na mmoja wamefungiwa ndani ya simu moja. Nimehesabu magunia maisha yangu yote, Ndugu Mtendaji. Gunia lisilopita kwenye mizani halipo.

2. Bi Mwahija hasomi nilichoandika. Mwezi wa pili niliandika historia ya ghala letu la zamani, kurasa sita, pamoja na vipimo vya milango. Yeye alisoma aya ya kwanza, akaruka iliyobaki, na pale palipobaki wazi akaweka mbuzi.

Sina mbuzi. Sijawahi kuwa naye. Lakini kwa wiki saba blogu yangu, kama inavyosikika bandani, imekuwa na beberu mwenye pembe moja aliyetoroka kwangu anakwenda Rondo kutafuta mchumba. Amekula barua ya posa. Amepanda basi dogo la Mchinga, ingawa Rondo haiko upande huo, na akakataa kushuka. Wiki iliyopita Lusia, mmoja wa wabanguaji, aliniletea ndoo ya maganda ya muhogo kwa ajili ya huyo beberu, akataka kujua anaendeleaje. Sikuwa na pa kuyaweka maganda. Juzi nimepokea barua kutoka kwa Eusebio, mkulima wa huko Rondo, akisema ana mbuzi jike wanne na kwamba beberu wangu atakapofika asione haya, abishe hodi. Kwa hiyo uaminifu wote niliouhangaikia kwa miaka mitatu umehamia kwa mnyama ambaye hayupo.

3. Utauliza kwa nini sikwenda kumkanya mwenyewe. Nilikwenda. Nilivaa kanzu safi, nikasimama mlangoni mwa banda na kusema kwa ukali yote yaliyo hapo juu. Tatizo ni kwamba Bi Mwahija ni shemeji yangu, na wewe mwenyewe unajua kwetu shemeji ni mtani. Ukimkasirikia, hasira yako inahesabiwa ni utani. Ukizidi kukasirika, unahesabiwa ni hodari. Nilipofika kwenye vipimo vya milango walikuwa wameshika mbavu, na mmoja alinipa kigoda nikae niendelee. Nilipeleka shauri kwa Sheikh Rashidi. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia hajawahi kuona shemeji akishtakiwa na hataki kuwa wa kwanza. Kisha akaniuliza kama beberu ameshapita Mchinga.

4. Hili naliandika kwa masikitiko. Mwezi uliopita ilitimia miaka mitatu ya Zuhura. Niliandika jinsi alivyokuwa akinisikiliza: alikuwa akikuna nazi, na nilipofika mahali pazuri mbuzi ya kukunia ilinyamaza kidogo, ndipo nikajua amenisikia. Haikuwa zaidi ya nusu ukurasa. Nilikaa nyumbani nikisubiri kuletewa habari za beberu wangu kufika kwenye nusu ukurasa huo.

Bi Mwahija hakuongeza neno. Aliusoma wote kama ulivyo, na bandani nyundo zote zikasimama. Zilikaa kimya muda mrefu hivi kwamba Bi Anjelina, msimamizi wao, alitoka nje kuangalia kama kumetokea ajali, na siku hiyo kazi ilirudi nyuma. Jioni Bi Mwahija alikuja mpaka mlangoni kwangu na bakuli la korosho za vipande, akaliweka chini na kuondoka bila kunitania. Nilikaa na lile bakuli mpaka adhana ya Isha, nikilia, jambo lisilofaa kwa mtu wa umri wangu. Jumamosi nikafungua simu. Mmoja.

Kutokana na hayo, naiomba serikali ya kijiji itunge sheria ndogo yenye masharti yafuatayo. Kwanza, iwe marufuku kusoma blogu kwa sauti mahali penye zaidi ya masikio mawili. Pili, kila kaya iteue mtu mmoja atakayeifungua kila Ijumaa kwa simu yake, na mwenyekiti wa kitongoji apite kuhakiki. Tatu, wabanguaji wapewe mapumziko ya kunawa mikono, sabuni nitatoa mimi. Nne, itangazwe kwa kipaza sauti cha kijiji kwamba beberu amekufa, na tarehe ya matanga itajwe ili watu waridhike. Tano, Bi Mwahija atambuliwe rasmi kuwa msomaji mmoja na asizidi hapo.

Nakutakia kazi njema. Nisalimie mzee Lukas, baba yako, na wote wa nyumbani kwako, wajumbe wa halmashauri ya kijiji, na mhasibu ambaye nasikia goti limepata nafuu. Bandani usipeleke salamu zangu, wataziongezea.

Ni mimi, mwenye kalamu na asiye na mbuzi,
Fakihi Suleiman

Nakala: Bi Anjelina, Msimamizi wa Banda.

Nyongeza baada ya sahihi: Barua hii ilikaa mezani wiki nzima, na katika siku hizo jambo limetokea. Jumatano miwani ya Bi Mwahija ilianguka chini ya nyundo. Ijumaa hakukuwa na wa kusoma, na Jumamosi simu yangu ilisema: hakuna. Sijawahi kuliona neno hilo, Ndugu Mtendaji, na sitaki kuliona tena.

Jana wanawake walinitumia mtu, nikaenda kusoma mwenyewe. Nilisoma kama nilivyoandika, bila kuruka kitu. Walikuwa na adabu sana. Lusia alisinzia. Ukurasa wa tatu nikajisikia natamka kwamba beberu ameshuka Mchinga, ana kiu, na ameulizia njia. Walicheka, lakini walicheka kwa kunihurumia. Bi Mwahija alikaa pembeni amefumba macho kama mwalimu anayesikiliza mtihani.

Kwa hiyo naomba namba moja hadi tatu zifutwe, pamoja na sheria ndogo yote, hasa kifo cha mbuzi. Namba nne ibaki kwenye jalada. Ndani ya bahasha hii utakuta miwani yangu. Mimi na Bi Mwahija tulipimwa macho siku moja pale Lindi tukapewa za nguvu sawasawa. Tafadhali mpelekee wewe, maana nikimpa mwenyewe unajua nitakavyotaniwa. Mistari hii ya mwisho naiandika bila miwani, kwa hiyo samahani kama inapanda na kushuka.

Umwambie kwamba beberu nimemwacha stendi ya Mchinga, amefungwa vizuri, na Ijumaa si mbali.