Telefone Inataka Bénit Alie

Kazi moja, njo jumatatu, tarehe 6 oktoba

Kaye mupya ya kuandikia siku zangu. Ile ya zamani Estelle alishamaliza kuisoma. Estelle njo dada ya bwana yangu Aaron. Anaishi kwetu na anasomaka kila kintu isipokuwa Biblia. Estelle, kama uko hapa: bonjour.

Leo telefone yangu imegeuka. Nililala na telefone, nikaamuka na dirisha. Imefanya mise à jour, imejibadilisha yenyewe bila kuniuliza, sawa mugeni mwenye kupanga upya vyombo vyako. Sasa kila kintu ndani iko transparent. Saa inaonekana nyuma ya message, message nyuma ya pua ya Bénit, picha ya mutoto yangu, Bénit nyuma ya kila kintu. Nikafikiri ni sabuni. Nikaipangusa na pagne yangu ya kitenge mara tatu. Ikazidi kungaa! Na bouton ya kurudi nyuma haiko tena. Nimeitafuta asubuhi yote. Niliinua hata matelas.

Halafu nikaelewa. Unaweka kidole pembeni, unavuta polepole, sawa vile unavutaka pagne kumufunika mutoto mu mugongo: inarudi nyuma. Unaweka kidole chini, unasukuma juu, sawa unatoa bukari mu sufuria na mwiko: inafunga. Nikamufundisha Maman Martine, mwenye parcelle tunamopanga. Mbele majani ya sombe haijamalizika kutwangwa, alishajua. Akasema mimi ni mwalimu. Mimi! Mwenye kuachia masomo mu sixième primaire!

Na habari kubwa njo hii. Papa Vital, mufanyabiashara ya Butembo mwenye duka ku barabara ya Naviundu, siku ya posho, jumamosi hii, anatoa telefone mupya, jina yake Kristali. Nayo iko kioo kioo hivi, eti njo mode ya dunia nzima sasa. Anatafuta mwanamuke mumoja wa kuonyesha baclient namna ya kuitumia. Kazi ya kila siku. Na kiti. Na ventilateur ya kupepea!

Niliposikia ventilateur, nikamwangalia Bénit. Ana miezi kumi, hata jino moja bado, na shingo yote ni vipele vya joto, maana kutwa nzima yuko mu mugongo yangu, mimi ninauza makala ya kupikia ku jua ya oktoba. Aaron yuko Mokambo, anarudi wakati anarudi. Ile ventilateur ni ya shingo ya Bénit. Mungu ameshaandika jina.

Shida moja. Gaëlle, jirani yetu, naye anaitaka. Diplôme d'État yake ameitia mu kadre, ameitundika pa mulango, upande ya inje. Papa Vital amesema kila mumoja aje na telefone yake, aonyeshe ile mode mupya mbele ya bantu. Mwenye kueleweka, kiti ni yake.

Kazi mbili, tarehe 7

Estelle amemaliza mega zangu zote za internet. Alikuwa anaangalia video ya bibi mumoja mwenye kukata vitunguu akiimba. Basi. Kuanzia leo telefone inafungwa na uso.

Lakini hapana uso yangu! Nikilala, Estelle ananipitishia telefone pa uso na kazi imekwisha. Alishafanya. Njo pale akili iliniingia: uso ya Bénit. Mwizi gani atafikiria mutoto?

Tulikuwa ku centre de santé kwa chanjo. Tuko mu foleni, nikaanza kumuandikisha. Telefone inasema ageuze kichwa polepole. Bénit anageuza kichwa haraka haraka kuangalia foleni yote. Mara wakatuita. Infirmière, na blouse blanche nyeupe kabisa, akachoma sindano mu paja. Bénit akafungua mudomo sawa lango ya usine, akageuza kichwa kushoto, kuume, juu, chini, vizuri kabisa. Ting! Uso imeandikishwa. Nilicheza kidogo. Halafu nikalia pamoja naye.

Code pia nimebadilisha, ya namba nane. Estelle, usitafute, siiandiki hapa. Nimeiandika pahali hakuna mwizi anaweza kufika: mu telefone yenyewe, ndani kabisa.

Nimekuwa mujanja mpaka ninajiogopa.

Kazi tatu, tarehe 8

Telefone haifunguki.

Asubuhi nilimuonyesha Bénit. Bénit akacheka. Telefone ikamwangalia, ikatingisha écran sawa muntu anakataa kwa kichwa. Mara nane. Kisha ikaomba code. Code iko mu telefone. Nikakaa chini.

Kumbe inamujua Bénit mwenye kulia tu! Na tangu ile sindano, Bénit hajalia tena. Nilimunyanganya kijiko: akanipa na kikombe juu yake. Maman Martine akamuimbia nyimbo ya matanga ya kwao Kasai, polepole, mpaka yeye mwenyewe akamukumbuka marehemu bwana yake, machozi tele. Bénit akapiga makofi. Estelle akafanya uso ya kutisha. Nikamwambia atafute uso ingine, hiyo mutoto alishaizoea. Amekasirika, hajanisemesha mpaka chakula.

Kisha akasema basi mufinye ku paja, kidogo tu, shida iishe.

Nimufinye Bénit! Kwa ajili ya telefone! Nilimwambia nitauza makala mpaka Yesu arudi.

Kazi ine, tarehe 9

Mupango ya kwanza, kumufanya Bénit alie, imeanguka. Mupango ya pili: Ephraïm, yule anatengenezaka telefone chini ya parasol. Akasema ni dakika tano, anafuta kila kintu, inakuwa sawa imetoka mu carton. Nikauliza kila kintu ni nini. Akasema ni kila kintu. Na ile video Bénit alisema "mama" mara ya kwanza? Akasema hiyo njo itaenda ya kwanza. Nilichukua telefone yangu nikaondoka bila kuaga.

Mupango ya tatu: niko na makala, niko na mutoto. Nikamuchorea Bénit mudomo ya kulia, kutoka sikio mpaka sikio, na machozi pande zote mbili. Kazi muzuri kabisa! Telefone ikakataa. Bénit akajiona mu écran, akacheka mpaka akapata kwikwi. Nimemuogesha mara mbili, machozi imetoka, mudomo imekataa. Bapita-njia banauliza kama ni ugonjwa.

Mupango ya ine, na hii iliniuma. Picha ya Bénit akilia iko moja tu mu dunia: siku ya ubatizo, na aliyeipiga ni Gaëlle. Nikameza kiburi. Ilishuka vibaya. Nikaenda, nikamueleza yote, chanjo, uso, code, makala. Alinisikiliza mpaka mwisho, kichwa kimeinama upande sawa padri. Akanitolea ile picha. Nikaiweka mbele ya telefone yangu. Haikudanganyika hata kidogo. Inataka mutoto ya nyama.

Gaëlle akasema kwa upole, pole sana, Mama Bénit, sasa siku ya posho utabaonyesha nini, mufuniko ya telefone?

Nilimupa siri yangu yote, bure, na nikamwambia merci.

Kazi tano, tarehe 10

Mupango ya tano. Hii ilikuwa ya akili kuliko zote, na iliwezekana, na nimeiharibu mimi mwenyewe.

Nilirudi ku centre de santé. Nikamuomba infirmière asimuchome Bénit, ajifanye tu, mutoto alie. Akasema tangu aanze kazi, bamama banamuombaka kinyume. Lakini akakubali. Akasimama pa mulango na blouse yake. Hata sindano hakushika. Bénit akaona ile weupe na akalia! Kilio ya kweli! Mudomo yote, ufizi yote inje!

Mimi nikamuchomoa mu pagne, nikamukumbatia, nikamupa ziwa anyonye. Nikamwambia mama iko hapa, papa wangu mudogo, ile blouse itaenda kwao. Akanyamaza. Akasinzia.

Infirmière akaniuliza, na telefone?

Telefone ilikuwa mu sac.

Akasema hawezi kurudia, bagonjwa banangoja. Nilirudi na miguu, Bénit analala, shingo yake inawaka joto chini ya kidevu yangu. Nilimupepea na kipande ya carton njia yote. Mukono ulichoka pa daraja, nikabadilisha mukono.

Siku ya posho, tarehe 11

Nitaandika pole pole.

Nilienda bila mupango, mara ya kwanza mu maisha yangu. Nilivaa pagne ya ndoa yangu. Bénit mu mugongo, telefone imefungwa mu mukono. Pale mbele ya duka: jua, baffle mbili za muziki zinapiga kelele, ballons, bamama ya soko yote. Maman Martine alikuja na kiti yake ya plastique, akakaa mbele kabisa.

Gaëlle akaanza. Alisoma karatasi: interface, fluidité, ergonomie, effet de profondeur, eti kina. Mama mumoja mwenye kuuza samaki ndakala akasinzia wima. Mwingine akauliza kama hiyo profondeur inaingiza maji. Gaëlle akasema maswali ni ku mwisho.

Zamu yangu. Nikainua telefone juu. Nyeusi. Gaëlle akasema, sauti ya kutosha, kwamba labda tuanze na maombi. Bantu bakacheka. Nikasema ku Ulaya mode mupya njo hii, hawaonyeshi kintu. Bakacheka zaidi. Hata Maman Martine akaangalia chini.

Papa Vital akasikia kelele, akatoka mu duka, na bafanyakazi yake ine nyuma yake. Na kwa sababu ya fête, bote batano bamevaa blouse blanche, sawa baingénieur.

Blouse blanche tano!

Bénit alilia mpaka sikusikia tena baffle. Alitoa kichwa juu ya bega yangu, mudomo sawa lango ya usine, uso kushoto, uso kuume, na ile telefone niliyokuwa nimeinua ikamuona. Ting. Ikafunguka.

Halafu mama ya ndakala, aliyekuwa analala, akapiga vigelegele. Telefone inafunguka mutoto akilia! Akasema mikono yake iko na samaki tangu asubuhi mpaka mangaribi, anagusa telefone saa ngapi? Akasema anataka ile ile, na mutoto ndani.

Kwanza nilimugeuza Bénit, nikamubembeleza. Bantu bangoje. Papa Vital mwenyewe nilimwambia arudi nyuma na weupe yake. Akarudi! Kisha nikafundisha. Kurudi nyuma ni kuvuta pagne ya mutoto. Kufunga ni kutoa bukari. Na hii transparence, bamama, musiiogope, ni rideau, pazia nyepesi ya jirani: bintu ya nyuma unaiona, lakini unagusa ya mbele tu. Bakasema aaah, ni hiyo tu? Mikono yote ikawa juu inavuta pagne hewani. Maman Martine alikuwa anaambia kila muntu kwamba yeye anajua tangu kazi moja. Na kule nyuma, nilimuona Gaëlle naye anavuta, kidole kimoja, amejificha na karatasi yake.

Papa Vital akasema kiti ni yangu. Nikamuuliza ventilateur inaangalia upande gani.

Mbele écran haijazima, nikakimbilia ile note ya code. Imeandikwa na mukono yangu: "Code ni ile ile, usisahau."

Siku ya Mungu, tarehe 12

Papa Vital amenipa Kristali ya duka nije nayo kwangu, nijizoeze. Kesho asubuhi ninaifungua mbele ya baclient. Maman Martine amesema bamama ya ndakala banakuja bote. Na blouse blanche ya kazi aliyonipa nimeiloweka pamoja na pagne nyekundu ya Estelle, imetoka ya rose. Bénit ameikubali. Estelle analilia pagne.

Asubuhi, mbele ya kwenda kanisa, nilifikiri sana. Kosa yangu ilikuwa nini? Kilio! Mutoto yangu si mutoto ya kulia. Ni mutoto ya kucheka. Pale pale nikamuandikisha mu Kristali anacheka, kushoto, kuume, juu, chini. Muzuri sana. Code nimetia ya namba kumi. Estelle, usihangaike na hii kaye, haimo. Iko ndani ya Kristali, na safari hii nimeandika namba zote kabisa.

Tulipotoka kanisani, Maman Martine akapitisha kidole mu mudomo ya Bénit. Kintu nyeupe, chini, upande ya kuume. Jino! Jino ya kwanza! Nilicheza parcelle yote, Estelle pia akasahau pagne akacheza.

Bénit hakucheza. Tangu ile saa analia, sauti moja, bila kupumua. Maman Martine anasema meno ya chini zinatokaka mbili mbili, ni juma nzima. Nimemupepea, nimemubeba, nimemupa kijiko baridi atafune. Nimemuonyesha Kristali. Ikamwangalia vizuri, ikatingisha écran.

Nikamuonyesha telefone ya zamani. Ting! Nikaizima, nikamuonyesha tena. Ting! Inafunguka kila mara, bila shida yoyote. Kumbe hizi telefone ni kuzijua tabia tu.

Basi kesho nitabeba zote mbili. Na mwaka kesho Papa Vital akitoa ingine, hiyo nitaiandikisha Bénit akilala.