Mita Mia Nne Zenye Mgomba Katikati

Brightness Kahigwa,
Nyuma ya gereji ya Mzee Kahigwa,
Igomanhya, njia ya kwenda Bujora.
Jumanne, tarehe 9 Julai.

Ndugu Afisa Michezo wa Kata,

YAH: MALALAMIKO KUHUSU HALI YA UWANJA WETU WA MBIO ZA MAGARI

Shikamoo. Naomba uipokee shikamoo hiyo kwa maandishi, maana ya mdomo imenishinda mara tatu. Mara ya kwanza nilifika mpaka mlangoni kwako, nikakuta unakunywa chai, nikarudi. Mara ya pili hukuwepo, nikafurahi sana, nikarudi. Mara ya tatu ni kwenye mkutano wa hadhara. Nilinyoosha mkono, mwenyekiti akanionyesha kidole, uwanja mzima ukageuka kuniangalia, nikasema, "Samahani, nilikuwa najinyoosha." Nimesomeshwa kwa lugha mbili na naona aibu kwa zote mbili, ila kwa kalamu najitahidi.

Nina miaka kumi na minane, nimemaliza kidato cha sita, nasubiri matokeo. Baba yangu ni Mzee Kahigwa, yule fundi magari aliyetoka Bukoba, ambaye nadhani hata gari la ofisi yako limewahi kulala kwake. Tangu niko kidato cha tatu, mimi na yeye tunatengeneza kigari kimoja cha milango mitatu, cha kijani. Tunakiita Senene, kama wale panzi wa kijani wanaoliwa kwetu Bukoba, kwanza kwa sababu ya rangi, pili kwa sababu akiwa kwenye gia ya kwanza haondoki, anaruka. Tunamtengeneza kwa ajili ya zile mbio za mita mia nne, ambapo magari mawili yanasimama sambamba, yanaruhusiwa, na la kwanza kufika mwisho wa mstari ndilo limeshinda. Hazina kona wala mizunguko. Mtu mwenye aibu anaupenda mchezo huo kwa sababu unaisha kabla watu hawajamwangalia vizuri.

Shida ni kwamba Baba amechoka. Amesema gari lisilo na pa kukimbia ni banda la kuku, na kwamba mwisho wa mwezi huu anamuuza Senene kwa Pius wa Kamanga, ng'ambo ya maji, ambaye kwa bahati mbaya ni mfuga kuku kweli. Uwanja ukipatikana kabla ya hapo, Senene anabaki. Usipopatikana, anapanda kivuko. Ndiyo sababu ya barua hii.

Utasema uwanja tunao. Ni kweli, tunacho kile kipande cha barabara ya zamani ambacho njia mpya ilikiacha kando iliponyooshwa. Baba alikipima kwa kamba ya kufungia ng'ombe, mita mia nne zikatimia na za kusimamia zikabaki. Kijiji kilikubali kwamba kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi kipande hicho ni cha watu wa mbio. Watu wa mbio tupo wawili. Ni mimi, na Ngosha, mtoto wa jirani, mwenye Corolla ya mjomba wake. Chama chetu kina wanachama wawili na hatuelewani. Hata hivyo haki ni haki, na malalamiko yangu ni haya.

1. Mtama. Kuanzia mwezi wa sita Mama Shimba na wenzake hutandaza mtama wao kwenye lami yetu kwa sababu hapana mchanga. Kutandaza sina neno nako. Sehemu anayotandazia Mama Shimba ndiyo sehemu pekee ya uwanja iliyowahi kufagiwa. Lakini Jumamosi ya kwanza ya Juni nilifika na Senene, upepo wa matairi tumeupunguza inavyotakiwa, helmeti kichwani, nikakuta mtama umeanzia mita ya hamsini mpaka ya mia mbili. Nilikuwa nimeandaa kabisa sentensi ya kumwomba auondoe, tena yenye "tafadhali" mbili. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Eee, mwanangu, Mungu amekuleta! Pita hapa juu. Taratibu. Ukifika mwisho, rudi." Nikapita. Nikarudi. "Pita tena mama, bado haujapukutika." Nikapita tena. Inaonekana matairi mapana ya mbio yanapura vizuri kuliko fimbo. Kufika saa nane mchana nilikuwa nimepura magunia tisa, na Mama Shimba akanisifu mbele ya watu: "Huyu binti wa Kahigwa hana haraka kama vijana wengine." Ndugu Afisa, kwa mtu wa mbio hakuna tusi linalozidi hilo. Nilisema ahsante. Siku hizi wananipigia simu.

2. Shimo, ambalo sasa si shimo. Kwenye mita ya mia moja themanini, upande wangu, palikuwa na shimo. Tuliliripoti. Tukaambiwa limeingizwa kwenye mpango. Likakaa kwenye mpango miezi kumi na sita, likijaa maji na kukauka, likijaa na kukauka. Hapa inabidi niungame jambo la kifamilia. Baba ni Mhaya. Mhaya akiona udongo wenye unyevu umekaa bure, viganja vinamwasha. Mwanzoni kabisa alichimbia mche wa mgomba mle ndani, akasema ni alama ya hatari, ya muda tu. Alama ya hatari imezaa mkungu, tumeula na maharage, na sasa ina machipukizi matatu. Kwa hiyo silalamikii tena shimo, nalalamikia shamba. Mbio zisizo na kona sasa zina kona moja, na iko kwenye njia yangu. Nilimdokeza Baba kwamba labda tuung'oe. Aliniangalia kama nimemwambia tumng'oe bibi.

3. Risala. Naomba kuuliza, kwa heshima, kwa nini watu wawili wakitaka kushindana kwa muda usiofika nusu dakika ni lazima awepo mgeni rasmi? Mwezi wa tano katibu wa kijiji alisoma risala ya kurasa nne tukiwa tayari kwenye mstari. Injini zilikuwa zinanguruma. Senene hazimwi ovyo, kwa sababu kumwasha tena kunahitaji watu sita na mteremko. Katibu alianza na historia ya kijiji, akaingia kwenye mafanikio, na alipofika kwenye changamoto, Senene alichemka. Maji ya rejeta yakaruka juu kama mita mbili. Mgeni rasmi akapiga makofi, akidhani ni sehemu ya ufunguzi. Mimi nilikuwa ndani ya gari nimejifunika uso kwa kile kibao cha herufi L nyekundu, maana bado nina leseni ya kujifunzia.

4. Msiba. Hili ni zito, naomba nisieleweke vibaya. Jumamosi iliyopita ndiyo zilikuwa mbio zenyewe, za kumwonyesha Baba kwamba uwanja upo na unakimbilika. Baba alikuja amevaa koti. Koti hilo alilivaa mara ya mwisho kwenye kipaimara changu. Kwa bahati mbaya siku mbili kabla, mzee mmoja jirani na uwanja alifariki, Mungu amlaze mahali pema, na kwa kuwa kwao ni mteremko mtupu, maturubai yakafungwa juu ya lami, mita ya mia mbili na hamsini. Tukaenda kuomba tuahirishe. Wazee wakakataa. "Pigeni mbio zenu, watoto. Ila hapa kwetu mpite kwa heshima."

Unaijua heshima yenyewe. Ukifika penye msiba unazima chombo, unashuka, unasukuma. Tukakubaliana hivyo na Ngosha. Tukaruhusiwa. Naapa nilikuwa mbele kwa urefu wa boneti nzima, mgomba nimeukwepa, mtama ulikuwa umeshaanuliwa, na kwa sekunde kadhaa sikumwonea aibu mtu yeyote duniani. Tukafika kwenye kamba ya turubai. Tukazima. Tukashuka. Ngosha akanyoosha mkono juu, "Shikamooni wazee wangu, poleni sana!" mara moja kwa wote, akasukuma, akapita.

Mimi nimelelewa. Nilianza na babu wa kwanza, magoti chini. Shikamoo. Marahaba. Pole. Ahsante, wewe ni binti wa nani? Wa Kahigwa. Yule fundi? Ndiyo. Mwambie pikipiki yangu ina mwezi wa pili kwake. Nitamwambia. Nikahamia kwa wa pili. Walikuwa wazee thelathini na mmoja, na mimi nimevaa ovaroli. Nilipomaliza, akina mama wakasema binti haondoki msibani bila kula. Nikala. Kisha nikaosha vyombo, si kwa kuombwa, ila nilikuwa nimekaa karibu na beseni na nikaona aibu kuinuka. Ndipo watu sita wakanisukuma.

Mita mia nne nilizimaliza kwa saa tatu na dakika kumi na mbili. Ngosha alitumia dakika nne, pamoja na kusukuma. Aliponiona nafika akasema, "Vipi dada, umepitia Bukoba?"

Baba alivua koti, akalikunja vizuri, akampigia Pius simu.

Ndugu Afisa, labda unajiuliza kwa nini mtu asiyeweza kumwambia mama mmoja aondoe mtama anataka kumiliki gari la mbio. Nami nimejiuliza. Baba si msemaji. Mimi unanijua sasa. Nyumbani mezani tunaweza kumaliza wali wote tukasikia vijiko tu. Lakini tukiinama chini ya boneti ya Senene, Baba anasema, "Lete spana namba kumi na mbili." Nasema, "Hii hapa." Anasema, "Siyo hiyo." Nasema, "Hii?" Anasema, "Hiyo." Watu wengine wataona si kitu. Kwetu sisi hayo ni mazungumzo marefu, na tumekuwa nayo kila jioni kwa miaka minne. Pius akimchukua Senene, sijui tutaanzia wapi.

5. Kwa kuwa kulalamika bila kupendekeza ni umbeya, napendekeza kama ifuatavyo. Uwanja ujengewe ukuta pande zote mbili, usiopungua kimo cha mtu mrefu aliyesimama juu ya ndoo, ili nisionekane. Watazamaji wakae nje ya ukuta na wajulishwe matokeo kwa tangazo, siku inayofuata. Mgeni rasmi awe Baba, na asisome chochote, ashike saa tu. Ngosha apewe Jumamosi yake na mimi yangu, tusikutane, kisha muda ulinganishwe kwa karatasi. Mama Shimba ajengewe sakafu yake ya saruji, pana, na mimi nitaendelea kumpuria kwa sababu sitaweza kumwambia hapana. Mgomba uachwe, ukuta uuzunguke. Kuhusu misiba sina pendekezo lolote. Nawaombea tu wazee wetu wote afya njema, hasa Jumamosi ya kwanza ya mwezi.

Ukitekeleza hayo, watakaobaki uwanjani ni Baba, Senene na mimi. Hiyo ndiyo hadhara ninayoimudu.

Najua ofisi ina mambo mengi, ligi ya mpira, hesabu za ngoma za mwezi wa sita, na kile kikombe kilichopotea. Lakini tarehe thelathini na moja haiko mbali, na kivuko cha Kamanga hakichelewi pale unapotaka kichelewe.

Nisalimie katibu muhtasi wako, ambaye aliniona nikirudi mara zote mbili na hakucheka. Msalimie mlinzi wa getini. Wasalimie wanamichezo wote wa kata, wa miguu na wa magurudumu. Mama anakusalimu pia, ingawa hajui naandika.

Ni mimi, mwananchi wako mwenye mbio nyingi na mdomo mdogo,

Brightness Kahigwa
Mwanachama (kati ya wawili)

Nyongeza, siku ya Alhamisi:

Kabla ya kuileta barua hii nilimpa Baba aikague herufi. Aliisoma akiwa ameegemea gari, mara mbili. Hakucheka, ila kwenye ukurasa wa kwanza alikohoa, na kwenye ule wa mwisho akafuta miwani. Akasema ataileta mwenyewe ili igongwe muhuri wa kupokelewa.

Jana Pius alivuka kuja kumwona Senene, akiwa na utepe wa kupimia nafasi ya vizimba vya kuku. Baba, ingawa barua bado ilikuwa nyumbani, akamwambia, "Ndugu yangu, rudi kwanza. Suala hili liko ofisini. Kuna barua." Pius akarudi nyuma hatua mbili. Nani ananunua kitu chenye barua ofisini? Akauliza jibu litatoka lini. Baba akasema yeye si mtu wa kuivunjia serikali heshima, hatagusa chochote mpaka jibu litoke. Pius alipoondoka, Baba akaniambia nilete spana. Tumeshusha giaboksi yote, iko chini, vipande vipande, na jana tuliongea mpaka Mama akaja kuchungulia kama kuna ugomvi.

Kwa hiyo, Ndugu Afisa, naomba uipokee barua hii, uigonge muhuri, uiweke kwenye faili, na faili uliweke kabatini. Usitengeneze chochote. Usijenge ukuta. Zaidi ya yote, nakusihi usinijibu. Baba amesema niwe napita kila Jumatatu kufuatilia. Nitajikaza niingie mpaka ndani. Ukiniona, niambie nirudi wiki ijayo.