Cheti cha Ujana cha Mzee Khaemba

Wananchi wote wa Nakuru wanajulishwa kwamba uzee umefutwa. Ulifutwa rasmi Jumatatu asubuhi, baada ya chai na mandazi, na Kamati Maalum ya Kurejesha Ujana kwa Wafanyakazi Wakongwe. Tangu siku hiyo, mtafuta kazi yeyote aliyepita miaka hamsini na mitano haitwi mzee. Anaitwa kijana anayesubiri uthibitisho. Tangazo lilibandikwa kwenye lango la ofisi za Kamati, Milimani, kwa herufi ndogo sana, ili wenye macho ya kizee wajiondoe wenyewe mapema na kupunguza msongamano.

Khaemba alirudi nyuma hadi katikati ya barabara ndipo maandishi yakasomeka. Alikoswakoswa na bodaboda, lakini alisoma mpaka mwisho.

Alikuwa na miaka sitini na moja. Maisha yake yote ya kazi alitunza boila ya mvuke ya kiwanda cha blanketi, mpaka kiwanda kikafungwa na boila ikauzwa kwa watu wa vyuma chakavu. Kwa mwaka mzima tangu hapo aliamka alfajiri, akavaa ovaroli, akanywa chai, halafu akakaa. Kukaa huko ndiko kulikomuuma. Njaa unaweza kuipigia gumzo na majirani wa mtaa wa Section 58, mkacheka. Kwamba hakuna anayekuhitaji, hilo humwambii mtu.

Kisha bahati ikabisha hodi. Kampuni ndogo inayokagua mabomba ya mvuke huko Olkaria ilimhoji, na msimamizi akampenda papo hapo.

"Kazi ni yako, mzee wangu," alimwambia. "Shida ni hiyo mzee tu. Sisi mwisho wetu ni hamsini na tano. Niletee cheti cha ujana kabla ya Ijumaa, la sivyo nampa mtu mwingine."

Mkewe, Truphosa, alilipokea jambo hilo kwa uzito wake. Alimkalisha kwenye kigoda nyuma ya nyumba akampaka rangi ya piko kichwani, mpaka na masikio yakawa meusi.

"Baba Shantel," alisema akirudi nyuma kumtazama, "sasa unakaa kijana. Ukinyamaza."

Kamati ilikuwa imepanga mambo yake kisayansi. Benchi la kungojea halikuwa na mahali pa kuegemea, kwa sababu kijana haegemei. Mtihani wa kwanza ulisimamiwa na Wangui, Ofisa wa Lugha ya Kisasa, binti aliyetoka chuoni juzijuzi.

"Niaje?" Wangui alimuuliza.

"Mzuri sana, mama. Na wewe umeamkaje? Watu wa nyumbani wote wako salama?"

Wangui aliweka kalamu chini kwa huruma. "Mzee, ukiulizwa niaje unasema poa. Watu wa nyumbani hawaingii hapo."

"Na kama kuna mgonjwa?"

"Bado ni poa."

Khaemba aliona ni lugha katili, lakini alihitaji kazi. Akasema poa.

Mtihani wa pili ulikuwa kuinuka kwenye sofa bila kutoa sauti. Sofa lenyewe lilikuwa limechaguliwa kwa uangalifu. Ukilikalia, magoti yanakutana na kidevu. Aliyemtangulia, mwalimu mstaafu aitwaye Gachanja, aliinuka vizuri kabisa, ila katikati ya safari akanong'ona, "Yesu wangu." Ikahesabiwa. Wangui alimsindikiza mlangoni, na Gachanja akaondoka akilalamika kwamba sasa hata maombi yamewekewa umri. Khaemba aliuma ulimi, akamkumbuka Truphosa, akainuka. Goti moja lililia, lakini kanuni haikutaja magoti.

Ikabaki meza kuu. Hapo aliketi Mwenyekiti mwenyewe, Bwana Sydney Wepukhulu, mtu mwenye tumbo la heshima na nywele nyeusi ti. Kando yake alikuwa katibu, Bi. Jepkorir, aliyezijua Kanuni zote kwa moyo na hakuwahi kucheka saa za kazi.

"Sasa tunafika kwa Kanuni ya Saba," Mwenyekiti alisema. Aliipenda sana kanuni hiyo, kwa kuwa aliitunga mwenyewe. "Vitambulisho vinadanganya, bwana. Vyeti vya kuzaliwa vinadanganya. Lakini mila haidanganyi! Waliotahiriwa msimu mmoja ni rika moja, na rika moja ni umri mmoja. Shahidi wa rika lako ni nani?"

Khaemba, aliyekuwa ameinamisha kichwa kwa adabu, akainua macho. Akatazama vizuri. Uso wake wote ukachangamka.

"Si ni wewe!"

"Mimi?"

"Sydney! Si tulipashwa tohara msimu mmoja? Tukapakwa matope kwa mto ule mmoja alfajiri, baridi ikituua. Wewe ulikuwa mbele yangu kabisa."

Mwenyekiti alikohoa. Alizichezea karatasi. "Huyu mzee simjui," alimwambia Jepkorir.

Mbukusu, kama walivyokuwa hao wawili, anaweza kukana deni, akakana kura aliyopiga, hata akakana mkataba wenye sahihi yake. Rika halikanwi. Kwa kitambo Khaemba alisahau kabisa habari ya kazi. Alikuja kutafuta cheti, na sasa ndugu yake wa matope alikuwa anamtupa mbele ya watu.

"Umenikana, Sydney?" aliuliza polepole. "Haya, ni sawa. Kama sisi si rika, basi hakuna siri nakuwekea. Bibi katibu, wacha nikuambie vile ilikuwa ile asubuhi kwa mto, huyu aliposikia kisu kina—"

"Rika yangu!" Mwenyekiti aliruka juu, chai ikamwagika mezani. "Khaemba! Kumbe ni wewe! Ni hizo nywele zimenichanganya, bana!"

Walikumbatiana. Kilichotokea mtoni hakijulikani hadi leo, na msimulizi huyu hana haraka ya kukijua.

"Andika nimemthibitisha," Mwenyekiti alimwambia katibu, akijifuta jasho. Leso ilitoka nyeusi.

"Umri gani, Mwenyekiti?"

Hapo palihitaji busara. Bwana Sydney alikuwa amewahi kuapa mbele ya wakili kwamba alizaliwa baadaye kuliko alivyozaliwa, na Idara ya Mishahara ikamwandika miaka hamsini na miwili. Bila kiapo hicho angekuwa amestaafu mwaka jana kwenye ile kazi yake nyingine, ya serikali.

"Hamsini na mbili," alisema. "Kama mimi."

Muhuri uligonga. Khaemba akapokea cheti chake kwa mikono miwili. Alitaka kulia, lakini hakujua kama kijana anaruhusiwa.

"Kuna jambo la pili," Jepkorir alisema, akifungua ukurasa mwingine. "Kanuni ya Kwanza. Mwenyekiti wa Kamati hii lazima awe na miaka hamsini na tano kwenda juu, ndiyo ajue uchungu wa umri."

"Si najua! Wakati wa kuteuliwa niliwaletea cheti changu cha kuzaliwa. Niko na sitini na moja."

"Ulikuwa nayo. Sasa uko na hamsini na mbili. Umepigwa muhuri, wewe na rika lako."

"Basi nirudishe!"

Jepkorir alizipekua Kanuni mwanzo hadi mwisho, kwa haki kabisa, hata viambatisho. "Tuna uwezo wa kufanya mzee awe kijana," alisema. "Kifungu cha kuzeesha kijana hakuna. Hiyo tuliachia Mungu."

Mwenyekiti alizivuta Kanuni kwake azisome mwenyewe.

"Na hiyo sitini na moja umetaja hapa," katibu aliendelea, "nimeiandika kwa kumbukumbu za kikao. Nakala huenda Idara ya Mishahara."

Hivyo ndivyo mtu mmoja alivyofutwa kazi mbili asubuhi moja, hapa kwa kuwa mdogo mno na kule kwa kuwa mzee mno. Kamati ilimpa barua ya shukrani. Ilimwita kijana mwenye matumaini.

Khaemba alianza kazi Jumatatu. Vijana wa Olkaria walimwita boss kwa mzaha, halafu wakasahau kuwa ulikuwa mzaha. Alirudi nyumbani jioni amechoka uchovu ule mtamu, na Truphosa akaacha kumpaka piko.

Jumapili moja Sydney alikuja kumtembelea. Nywele zilikuwa nyeupe kwenye mizizi. Alikunywa chai, akasifu mandazi, akazungumzia mvua, akasifu mandazi tena. Mwishowe akaweka kikombe chini.

"Rika," alisema bila kumtazama, "huko kwenu hamna nafasi? Hata ya kufungua geti."

Khaemba alimhurumia kweli. Miezi michache kabla ya hapo, yeye mwenyewe alikuwa ameuliza swali hilo kwenye malango mengi, kwa sauti hiyohiyo.

"Nitakuombea kwa msimamizi," alimwambia. "Njoo kesho asubuhi. Lakini Sydney, tafadhali, uje na umri mmoja."