Mnufaika Wangu ni Wewe Tu

Jumatatu, 3 Machi
Siku njema! Ofisa utumishi alitukusanya sisi washona magodoro, akatukumbusha kwamba kiwanda kilitukatia bima ya maisha tangu mwaka jana, wote kwa mkupuo. Hatuchangii hata senti. Hakuna kupimwa damu. Nikanyoosha mkono kuuliza nitalipwa lini. Akasema nikishakufa. Ukumbi mzima kicheko! Mkata Sponji, hasimu wangu, alicheka mpaka akapaliwa.

Hata hivyo nashukuru. Nani mwingine amewahi kunifikiria nikiwa maiti? Fomu yangu ya kuandika mnufaika, yaani atakayelipwa, haijajazwa mpaka leo. Nimeikodolea macho. Nimepata wazo.

Jumanne, 4 Machi
Fomu bado tupu, imo mfukoni. Nimemnong'oneza mke wangu kwamba nimemwandika yeye peke yake. Nyama zote zikaja bakulini mwangu! Baada ya kazi nikapita kwa dada, nikamwambia hayohayo. Kanipa shati la shemeji, jipya kabisa.

Jumatano, 5 Machi
Zamu ya mama mkwe. Kaniita mwanangu! Miaka tisa nimekuwa "huyo". Machozi yalinilengalenga. Bima ni kitu kizuri sana.

Ijumaa, 7 Machi
Balaa! Mama mkwe alikuja kumsalimu binti yake. Dada naye akaingia, kulifuata shati, shemeji amewaka. Kila mmoja akajigamba kwamba mnufaika ni yeye. Mimi nilikuwa bafuni. Nikabaki humohumo, nimejipaka sabuni, pumzi nimeibana. Mke wangu akagonga mara moja tu.

"Toka, marehemu mtarajiwa."

Shati limeondoka. Nimerudi kuwa "huyo".

Jumatatu, 10 Machi
Leo sina mzaha. Mjane wa fundi wa boila alikuja kiwandani. Mumewe alianguka ghafla mwezi wa kwanza, akafariki kabla ya kufikishwa hospitali. Marehemu fomu yake aliijaza siku ileile aliyopewa, kwa mwandiko wake wa kuku. Bima imelipa, watoto hawatahama shule. Mama wa watu alipita mashine kwa mashine akitushukuru, kana kwamba sisi ndio tuliolipa. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Na wewe shemeji, umeshawaandika wako?"

Nikaipapasa fomu mfukoni. Nikaenda moja kwa moja kwa ofisa utumishi. Akanieleza kwa upole: bila majina, familia inaweza kuzungushwa maofisini miezi na miezi, majina naweza kuyabadilisha wakati wowote, na siku nikiacha kazi, bima nayo inakoma. Nikaandika mke wangu na watoto wetu wawili. Kalamu aliniazima Mkata Sponji, na hakucheka.

Nyumbani nikampa mke wangu nakala. Akaisoma mara mbili, akaikunja, akaketi karibu yangu. Nilimshukuru Mungu kwa kiwanda, kwa yule mjane, kwa huyu mwanamke.

Jumatano, 12 Machi
Nimebadilika. Mtu mpya kabisa!

Ofisa utumishi katangaza bima ya matibabu: mwenza na watoto wanne. Mimi ninao wawili. Nafasi mbili wazi! Jirani ana mapacha wanaokohoa kila wiki, na ana baiskeli nzuri imekaa tu. Kesho nitawahi kumjulia hali.